Mapadri Wawili wa Kanungu: Funzo kwa Anayetaka Kusomea Utumishi

Ijumaa ya tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliingia katika jengo lao la ibada. Siku chache kabla walikuwa wamechinja ng'ombe na kununua soda kwa ajili ya karamu. Milango na madirisha yalipigiliwa misumari. Moto ulipolipuka, waliokuwa ndani waliteketea wote, watoto kwa wazee. Katika majuma yaliyofuata polisi walifukua makaburi ya halaiki katika maeneo mengine yaliyomilikiwa na kundi hilo, na hesabu ya waliokufa ikazidi kupanda.

Kundi lenyewe liliitwa Harakati ya Kurejesha Amri Kumi za Mungu. Chimbuko lake ni mwishoni mwa miaka ya 1980, pale Credonia Mwerinde, mwanamke aliyekuwa akifanya biashara ya pombe, aliposema kwamba Bikira Maria alimtokea katika pango la Nyabugoto. Joseph Kibwetere, Mkatoliki aliyeheshimika katika eneo lake, alimwamini akamkaribisha nyumbani kwake, na kundi likakua. Waumini waliuza mashamba na mifugo, fedha wakawakabidhi viongozi. Mazungumzo ya kawaida yalizuiwa, watu wakawa wanaelewana kwa ishara ili ulimi usije ukawatia katika dhambi. Walifundishwa kwamba dunia ingeisha tarehe 31 Desemba 1999. Siku hiyo ilipopita, wapo walioanza kudai mali zao. Viongozi wakatangaza tarehe nyingine.

Miongoni mwa viongozi hao alikuwemo padri Dominic Kataribabo. Huyu hakuwa mtu wa kubahatisha Maandiko. Alikuwa amepita seminarini, akapewa daraja ya upadri, kisha akaenda Marekani na kupata shahada ya uzamili katika masomo ya dini kwenye Chuo Kikuu cha Loyola Marymount, Los Angeles. Katika kundi lililojaa wakulima na watu wa kipato kidogo, kuwepo kwa padri mwenye shahada ya Ulaya au Marekani kulitosha kuwatuliza wengi waliokuwa na mashaka. Mtu alijiambia: kama hili lingekuwa potofu, padri msomi kama huyu asingelijua? Askofu wake alimsimamisha utumishi, naye hakurudi. Baada ya moto, polisi walichimba nyumbani kwake Rugazi, wakakuta miili zaidi ya 150, mingine uani, mingine chini ya sakafu ya saruji. Uganda ilitoa hati za kukamatwa kwake na viongozi wenzake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kupandishwa kizimbani.

Alikuwepo na padri mwingine, Paul Ikazire. Naye alijiunga na kundi, naye akawa miongoni mwa viongozi wake. Alilala katika nyumba zilezile na kusikia maono yaleyale. Mwaka 1994 alijitoa, akarudi katika Kanisa Katoliki na kukubali tena kuwa chini ya askofu. Kanungu ilipoteketea miaka sita baadaye, yeye alikuwa hai, na aliweza kuwaeleza watu yale aliyoyaona ndani.

Nawasimulia mapadri hawa wawili kwa sababu kila mwaka vijana wengi wa makanisa yetu, wa kike kwa wa kiume, hujaza fomu za kwenda kusomea theolojia. Wengi wao wana nia njema kabisa: wameona mazishi yanayohubiriwa vibaya, ndoa zinazovunjwa na unabii wa uongo, wagonjwa wanaoambiwa watupe dawa, na wanataka kuwatumikia watu kwa maarifa. Nia hiyo ni ya Mungu na nawaombea wafike. Ila wanapaswa kujua mapema jambo moja. Mapadri wale walisoma Maandiko yaleyale na kupewa daraja ileile. Kilichowatenganisha ni kwamba mmoja alikubali kuambiwa hapana, mwenzake akakataa. Elimu ya theolojia isiyomweka mtu chini ya watu wenye uwezo wa kumrekebisha haiwalindi waumini wake, hata iwe ya kiwango gani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika utumishi wa kanisa, guu linalovunjika mara nyingi ni la waumini.

Tuliposikia habari za Shakahola, wengi wetu tulikimbilia jibu moja: yule mhubiri hakusoma. Mwezi Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, wachunguzi wa Kenya walianza kufukua miili ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie, mtu aliyekuwa dereva wa teksi mjini Malindi kabla ya kuanzisha kanisa lake mwaka 2003. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400. Uchunguzi wa kitabibu ulionyesha kuwa wengi walikufa kwa njaa, na baadhi, wakiwemo watoto, walinyongwa au kukosa pumzi. Mackenzie amekana mashtaka, na hukumu ni ya mahakama. Lakini mafundisho yake dhidi ya shule na hospitali yalijulikana kwa miaka mingi kabla ya msitu, na yalisikilizwa na watu waliompenda Mungu kwa moyo wote.

Jibu lile ni la kweli, tena ni zito, na sitaki Kanungu ilifute. Kutosoma kunaua. Chukua suala la kufunga. Anayefundishwa kuisoma Biblia nzima, badala ya kuchomoa mstari mmoja, atakutana na Isaya sura ya 58, ambako Mungu anasema mfungo anaoupenda ni kumgawia mwenye njaa chakula na kumvika aliye uchi. Atakutana na Matendo sura ya 27: watu 276 wamo katika merikebu inayopigwa na dhoruba, siku ya 14 hawajala kitu, na Mtume Paulo anasimama katikati yao kuwasihi wale kwa ajili ya uzima wao. Anatwaa mkate, anashukuru mbele ya wote, anaumega na kuanza kula. Mhubiri aliyeizoea sura hiyo hawezi kwa dhamiri safi kumwambia mama amnyime mtoto wake uji ili amwone Yesu. Atakutana pia na Paulo huyohuyo akimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa sababu ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara, ushauri ambao haukupunguza imani ya yeyote kati yao.

Chukua na suala la siku ya mwisho. Injili ya Mathayo, sura ya 24, inasema wazi kwamba siku ile na saa ile haijulikani na mtu. Waraka wa pili kwa Wathesalonike unawaonya waliokaa bila kazi kana kwamba siku ya Bwana imekwisha kufika, na Paulo anawaamuru wafanye kazi na kula chakula chao wenyewe. Mwanafunzi wa historia ya kanisa atajifunza zaidi: katika karne ya 2, wafuasi wa Montano kule Frigia walitarajia Yerusalemu mpya ishuke karibu na kwao. Tarehe 22 Oktoba 1844, maelfu ya Wamarekani waliokuwa wamemsikiliza William Miller walingoja kurudi kwa Kristo, na usiku ukaisha. Mchungaji anayezijua habari hizi akimsikia mtu akitaja tarehe, anajua njia hiyo imepitiwa mara nyingi na anajua ilikoishia. Anaweza kuwaeleza watu wake kwa upole kabla hawajauza shamba.

Hizo ndizo kazi za darasa la theolojia, na hazina mbadala. Maombi hayafundishi historia. Karama ya kuhubiri haimwonyeshi mtu maana ya aya katika muktadha wake. Anayesema Roho atamfundisha kila kitu akiwa peke yake anasahau kwamba Roho huyohuyo aliliwekea kanisa walimu.

Hata hivyo, yule padri wa Rugazi aliyajua yote haya. Onyo la Mathayo 24 lilikuwa katika masomo ya misa aliyoiongoza mara nyingi. Maarifa yalikuwemo kichwani, na hayakumzuia. Ndiyo maana mababa waliopanga malezi ya watumishi hawakuyaacha yawe suala la vitabu pekee. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983 inataka falsafa na theolojia zisomwe kwa angalau miaka sita kamili, miwili kwa falsafa na minne kwa theolojia, na katika miaka hiyo kijana anaishi na wenzake, ana mlezi wa kiroho, anakula mezani na watu ambao hakuwachagua, anapangiwa zamu ya usafi, anakosolewa mahubiri yake mbele ya darasa. Vyuo vya Kilutheri, Kianglikana, Kimoravian na vya makanisa ya Kipentekoste vina taratibu zao zinazolenga lilelile. Mwanafunzi anayeona mambo hayo kuwa usumbufu unaomchelewesha kupata cheti amekosa nusu ya alichokifuata. Chuoni ndiko mahali salama pa kugundua kwamba unakasirika ukirekebishwa. Ukigundua hilo ukiwa na waumini 500 wanaokuita baba, gharama italipwa na wao.

Kitabu cha Matendo kinatupa mfano wa namna jambo hili linavyopaswa kwenda. Apolo wa Aleksandria alikuwa msemaji hodari, mwenye nguvu katika Maandiko, aliyehubiri kwa bidii sinagogini kule Efeso. Lakini alijua ubatizo wa Yohana tu. Priskila na Akila, mke na mume waliojipatia riziki kwa kushona mahema, walimsikia, wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Msomi huyu kutoka mji wa wasomi alikubali kufundishwa na mafundi, tena mmojawapo mwanamke, na hatusomi popote kwamba alibishana nao kuhusu vyeo. Baada ya hapo ndugu wa Efeso walimwandikia barua ya kumtambulisha, akavuka kwenda Akaya, na huko akawafaa sana waliokwisha kuamini. Angalia mpangilio wake: alifundishwa, akathibitishwa na kanisa, ndipo akawafaa watu.

Pwani yetu nayo ina mashahidi. William Jones alitekwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa, akalelewa na kusomeshwa India na wamisionari wa CMS, shirika la umisionari la Kianglikana. Mwaka 1864 alikuja Rabai, nyuma ya Mombasa, kuwatumikia watu. Kwa miaka mingi alifanya kazi bila daraja, hadi mwaka 1885 Askofu James Hannington alipompa ushemasi pamoja na mwenzake Ishmael Semler. Mwaka huohuo aliandamana na askofu katika safari ya kwenda Buganda. Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba, ni Jones aliyewaongoza wapagazi waliobaki hadi wakarudi pwani. Na Rabai yake ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mabwana zao. Jones alikuwa na elimu ambayo wachache wa zama zake pwani walikuwa nayo, na aliitumia kuwahifadhi watu wasio na mtetezi. Baadaye, mwaka 1903, shule ya kuwaandaa watumishi ilianzishwa Frere Town, Mombasa, katika makazi ya watumwa walioachwa huru. Mwaka 1930 ilihamia Limuru, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Wanaoingia humo leo waelewe kwamba chuo chao kilizaliwa kati ya watu waliokuwa wametoka kwenye minyororo.

Serikali nazo zimeanza kudai elimu. Rwanda ilifunga mamia ya makanisa mwaka 2018, na sheria iliyotungwa mwaka huo ikawataka viongozi wa madhehebu wawe na elimu ya chuo kikuu inayohusu dini, wakapewa miaka mitano kuitimiza. Kenya, baada ya Shakahola, iliunda jopo la kupendekeza namna ya kuyasimamia makundi ya dini. Ninaelewa kwa nini: mtu anayetaka kutibu lazima asome udaktari, na anayeongoza roho za watu hapaswi kuwa na mzigo mwepesi zaidi. Lakini sheria ina mipaka yake. Afisa wa serikali anaweza kuikagua shahada na kuthibitisha kuwa ni halali. Hawezi kukagua kama mwenye shahada anasikiliza wazee wa usharika. Shahada ya Kataribabo ilikuwa halali. Kazi ya kukagua moyo wa mtumishi imebaki kuwa ya kanisa, na kanisa likiitupa kwa serikali litajikuta na wachungaji wenye karatasi nzuri na waumini walio hatarini vilevile.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayejiandaa kwenda chuo, pokea mashauri haya kwa mkono wa upendo.

Usiende peke yako. Nenda ukiwa umetumwa na usharika au parokia au kanisa lako la mahali, ukiwa na barua yao, na ikiwezekana wakichangia ada yako hata kwa kiasi kidogo. Kanisa lililotoa mchango kwa ajili yako lina haki ya kukuuliza unajifunza nini na unarudi lini, na haki hiyo itakuokoa. Anayejisomesha kwa siri ili arudi na cheo cha kuwashangaza amekwisha kujiondoa kwao kabla hajaanza.

Kichunguze chuo. Vyuo vikuu vya Tanzania vinasimamiwa na TCU, vyuo vya cheti na stashahada vinasimamiwa na NACTVET, na vyuo vikuu vya Kenya vinasimamiwa na CUE. Uliza kama chuo kimesajiliwa, uliza walimu ni nani na wanaabudu wapi, uliza waliohitimu wanatumika wapi. Jihadhari na wanaouza udaktari wa heshima kwa anayelipia. Jina la Dokta lililonunuliwa huwaambia waumini uongo kila linapotajwa madhabahuni, na anayezoea uongo mdogo wa kila Jumapili atashindwa kuutambua mkubwa ukija.

Usidhani lazima uwaache watu ili ujifunze. Mwaka 1963, wakufunzi wa seminari ya Kipresbiteri kule Guatemala waliona kwamba viongozi wao wa vijijini, watu wazima wenye mashamba na familia, hawawezi kuhamia mjini. Wakayapeleka masomo vijijini: vitabu vya kujisomea nyumbani na mwalimu wa kukutana naye kila wiki. Njia hiyo ilienea duniani, na makanisa mengi ya Afrika Mashariki yamewaandaa wainjilisti na wachungaji kwayo. Ina faida ambayo bweni haliwezi kuitoa: unachojifunza Jumanne unakijaribu Jumatano mbele ya mama mjane, na anakwambia palepale kama umemfaa.

Ukiwa chuoni, soma kwa bidii yale yatakayowalinda watu. Jifunze Kigiriki na Kiebrania kadiri uwezo wako unavyofika, na kama hukufika mbali, jizoeze kulinganisha tafsiri za Kiswahili kabla ya kujenga fundisho juu ya neno moja. Soma historia ya kanisa, hasa kurasa za aibu. Jifunze ushauri wa kichungaji hadi ujue ni wakati gani wa kuomba na mgonjwa na ni wakati gani wa kumsindikiza hospitali, na ni wakati gani wa kwenda polisi kwa sababu mtoto anaumizwa. Mwalimu akikukosoa, jibu lako la kwanza liwe shukrani. Elimu bila amali ni kama nta bila asali, na amali ya kwanza ya theolojia ni unyenyekevu.

Ukirudi, uwe na fedha zinazohesabiwa na wengine. Kanungu na Shakahola zilipita njia moja kabla ya mauti: waumini waliuza mali zao na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kumhoji kiongozi. Weka mhasibu ambaye si ndugu yako. Waachie wazee wa kanisa nafasi ya kukupinga katika kikao na ulindwe na upinzani wao. Muumini akitaka maoni ya mchungaji mwingine kuhusu ulichofundisha, mpe namba ya simu ya huyo mchungaji.

Nanyi wazazi na wazee wa makanisa mnaowatuma vijana, msiwatume kisha mkawasahau. Waandikieni. Wapigieni simu. Wakirudi likizo, wapeni zamu ya kufundisha watoto na kuzuru wagonjwa pamoja na mimbari, mwone mioyo yao iko wapi. Mkiona kijana amerudi na maneno makubwa na masikio madogo, mwambieni mapema, mkiwa bado mnaweza kumwambia. Padri Ikazire alikuwa na kanisa la kurudi kwake, na mlango wake ulikuwa wazi. Hakikisheni na wenu anajua kuwa mlango upo.

Kabla hujajaza fomu ya chuo, chukua karatasi uandike majina ya watu watatu, walio hai na wanaokufahamu vizuri, ambao wana ruhusa ya kukwambia umekosea na utawasikiliza hata kama wewe una shahada na wao hawana. Wapelekee karatasi hiyo, uwaambie kwa kinywa chako kwamba unawapa ruhusa hiyo kwa maisha yote ya utumishi wako. Kama huna majina matatu, acha fomu ingoje mwaka mmoja, uwatafute. Vyuo vitakuwepo mwakani, na watu utakaowatumikia wanastahili mchungaji aliyeanza hivyo.